Lyndon Johnson: kura 87 za utata, ushindi wa kishindo wa 1964, na vita alivyoshindwa kuvihesabu

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila uzi wa marais wa Marekani humu unaishia kwa watu walewale: Lincoln, Kennedy, Reagan, Obama, na siku hizi Trump. Johnson anatajwa kwa sentensi moja, "yule aliyemrithi Kennedy", watu wanapita. Kwangu mimi huyu ndiye aliyegusa maisha ya Mmarekani wa kawaida kuliko rais yeyote baada ya Roosevelt, na ndiye huyohuyo aliyeizamisha nchi yake Vietnam. Wengi humgawa kulia mazuri, kushoto mabaya, kisha wanatoa wastani. Sikubaliani na hesabu hiyo. Johnson alikuwa na kipaji kimoja kikubwa: kuhesabu kura. Palipokuwa na kura za kuhesabu alishinda hata wengine walipokwisha kata tamaa. Palipokosekana kura, alipotea. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Tuanzie Texas. Mwaka 1941 aligombea useneta kwenye uchaguzi mdogo. Mpinzani wake alikuwa gavana, W. Lee O'Daniel, muuza unga wa ngano aliyejipatia jina kwa bendi yake ya redioni. Johnson akaongoza usiku wa matokeo, watu wake wakaanza kusherehekea na kuacha masanduku ya ngome zao yatangazwe mapema. Wale wa upande wa pili sasa wakajua wanahitaji kura ngapi. Masanduku ya mashariki mwa Texas yakaanza kuingia taratibu, na mwisho wa siku Johnson kashindwa kwa kura 1,311. Hakulia rafu. Alijifunza tu kwamba ukiwa Texas, usitangulie kuonyesha karata.

Mwaka 1948 akarudi. Texas ya wakati ule ilikuwa ya chama kimoja kwa vitendo: ukishinda kura za maoni za Democratic umemaliza, ule uchaguzi wa Novemba ni kugonga muhuri. Mpinzani alikuwa Coke Stevenson, gavana mstaafu, mfugaji, mtu wa maneno machache aliyependwa sana. Duru ya kwanza Stevenson aliongoza kwa kura zaidi ya 70,000. Kwenye kampeni ile Johnson alizunguka jimbo kwa helikopta, kitu ambacho watu wengi wa vijijini hawajawahi kukiona. Ikifika juu ya kijiji anasalimia watu kwa kipaza sauti, kisha anawarushia kofia yake. Wasaidizi wake walikuwa na kazi maalumu ya kwenda kuitafuta ile kofia, maana kofia ya Stetson si bei ya kutupa kila kijiji.

Duru ya pili ilikuwa Agosti 28. Kura karibu 988,000 zikapigwa, na kwa siku kadhaa hakuna aliyejua nani kashinda. Siku ya sita, kutoka mji mdogo wa Alice, wilaya ya Jim Wells, kusini kabisa, eneo la tajiri George Parr aliyeshika siasa za huko, sanduku namba 13 likatoa "marekebisho". Johnson aliyekuwa na kura 765 sasa ana 965. Saba imekuwa tisa. Kwenye orodha ya waliopiga kura kulikuwa na majina 202 yaliyoongezwa mwishoni, yamepangwa kwa alfabeti, mwandiko mmoja, wino mmoja. Kati ya hao, 200 walimpa Johnson na wawili Stevenson. Jumla ya jimbo zima: Johnson kashinda kwa kura 87.

Stevenson alikwenda Alice mwenyewe kuiona ile orodha, kaongozana na Frank Hamer, askari mstaafu aliyeongoza shambulio lililowaua wale majambazi wa benki, Bonnie na Clyde. Orodha ilikuwa imefungiwa benki. Waliiona kwa muda mfupi, wakanyang'anywa.

Kobe wa Pangani

Hahaha! Kumbe goli la mkono lina umri mrefu hivyo. Halafu hawa ndio wanatutumia waangalizi. Mahakama ilisema nini?

Mleta uzi

Mkuu, kwanza kamati ya chama cha Democratic Texas ilimthibitisha Johnson kwa kura 29 kwa 28. Stevenson akaenda mahakama ya shirikisho, akapata zuio, uchunguzi ukaanza. Johnson akamtafuta wakili wa Washington, Abe Fortas, ambaye badala ya kubishana ngazi moja baada ya nyingine alilifikisha jambo haraka kwa Jaji Hugo Black wa Mahakama Kuu ya Marekani. Black akasema mahakama za shirikisho hazina mamlaka ya kuingilia kura za chama jimboni. Kwisha. Mwaka 1965 Johnson, sasa rais, akamteua Fortas kuwa jaji wa Mahakama hiyohiyo Kuu.

Na kwa wanaouliza ushahidi: mwaka 1977 Luis Salas, aliyesimamia kituo kile, alikiri kwa waandishi wa habari kwamba majina yaliongezwa. Wachezaji wakuu walikwisha fariki.

Ila kumbuka, Stevenson naye hakuwa malaika, na Texas ya 1948 kila upande ulikuwa na masanduku yake. Tofauti ni kwamba safari hii Johnson alisubiri.

Mama Ntilie Mstaafu

Naweka mkeka hapa. Endelea.

Mleta uzi

Sasa ruka miaka 15. Novemba 22, 1963 Kennedy anauawa Dallas. Johnson, makamu aliyekuwa akidharauliwa na watu wa Ikulu, anaapishwa ndani ya ndege. Muswada wa Haki za Kiraia, wa kupiga marufuku ubaguzi wa rangi, ambao Kennedy aliupeleka bungeni Juni umekwama. Unajua tatizo halikuwa hotuba. Tatizo lilikuwa Seneti.

Kanuni za Seneti ziliruhusu seneta asimame aongee mpaka muswada ufe. Ili kumnyamazisha ulihitaji theluthi mbili, yaani kura 67. Tangu kanuni hiyo iwepo, hakuna muswada wa haki za kiraia uliowahi kuivuka. Maseneta wa Kusini waliongozwa na Richard Russell wa Georgia, na huyo ndiye aliyemlea Johnson kisiasa Seneti, ndiye aliyempa uongozi. Kwa hiyo mwanafunzi alizijua mbinu zote za mwalimu.

Democratic peke yao hawakutosha kwa sababu wa Kusini walikuwa ndani ya chama hichohicho. Ufunguo ulikuwa Everett Dirksen wa Illinois, kiongozi wa Republican. Johnson akamwambia seneta Hubert Humphrey, aliyeusimamia muswada: kaa na Dirksen, kunywa naye, msikilize, mwache aonekane yeye ndiye shujaa. Wakampa Dirksen marekebisho yake. Mjadala wa kuzuia kura ukaenda siku 60 za kikao. Robert Byrd wa West Virginia aliongea saa 14 na dakika 13, akamaliza asubuhi ya Juni 10, 1964, siku ya kura.

Hapo naomba mtulie kidogo. Clair Engle, seneta wa California, alikuwa na uvimbe kwenye ubongo, hawezi tena kusema. Akaingizwa ukumbini kwa kiti cha magurudumu. Karani akaita jina lake. Kimya. Akaitwa tena. Engle akanyanyua mkono taratibu akagusa jicho lake, na karani akaandika ndiyo, kwa kuwa "jicho" na "ndiyo" kwao hutamkwa sawasawa. Alifariki mwezi uliofuata. Kura zilikuwa 71 kwa 29: Democratic 44 na Republican 27. Katika Republican sita waliokataa yumo Barry Goldwater wa Arizona, ambaye wiki chache baadaye alipitishwa na chama chake kugombea urais.

Johnson akasaini sheria Julai 2.

Mwanafalsafa wa Vijiweni

Mkuu unamtukuza mno. Barabarani walikuwa wanakufa akina nani? Waliopigwa mabomba ya maji Birmingham mwaka 1963 ni watoto wa shule. Bila Martin Luther King na wenzake, Johnson asingekuwa na muswada wa kuhesabia kura. Na usisahau huyu bwana tangu aingie bungeni 1937 mpaka katikati ya miaka ya hamsini alipinga kila muswada wa haki za weusi. Mdomo wake faraghani nao tunaujua, kanda zipo.

Mleta uzi

Sikupingi hata neno moja, mkuu. Alipinga kwa sababu kura za Texas zilimtaka apinge. Ndiyo maana nimesema kuhesabu, sikusema utakatifu. Harakati zilibadilisha hesabu ya nchi nzima, na yeye akawa mtu wa kwanza pale juu kuisoma hesabu mpya na kuwa tayari kuilipia. Bill Moyers, msaidizi wake, alisimulia kwamba usiku ule baada ya kusaini alimkuta kitandani kanuna, akasema wamewakabidhi Republican Kusini kwa muda mrefu ujao.

Kuhusu hilo, tuingie kampeni ya 1964, maana ndipo utaona sura zake zote.

Agosti, mkutano mkuu wa Democratic, Atlantic City. Kutoka Mississippi zimekuja timu mbili: wajumbe rasmi, wazungu watupu, na chama cha Freedom Democratic kinachosema hawa hawakuchaguliwa na watu wote. Fannie Lou Hamer, mama aliyekuwa mchuma pamba, anakaa mbele ya kamati na kamera, anasimulia alivyopigwa mahabusu mjini Winona kwa sababu ya kazi ya kuandikisha wapigakura. Johnson anamwangalia kwenye televisheni, anaona kura za Kusini zinayeyuka, anaitisha haraka mkutano na waandishi ili kamera zimwache yule mama. Kamera zikamfuata rais. Jioni vituo vikarusha ushuhuda wa Hamer tena, sasa watazamaji ni wengi zaidi. Wakapewa ofa ya viti viwili, wakakataa. Huyu ndiye aliyesaini sheria chini ya miezi miwili kabla!

Septemba 7 likaja tangazo la msichana na ua. Mtoto anachambua petali anahesabu, anakosea namba kama watoto wanavyokosea, kisha sauti ya mwanamume inahesabu kurudi nyuma mpaka sifuri, bomu la nyuklia linalipuka machoni mwake. Jina la Goldwater halitajwi popote. Kila mtu alijua, maana Goldwater alikuwa akizungumzia silaha za nyuklia kama mtu anayezungumzia bunduki za kuwindia. Tangazo lililipiwa mara moja tu. Vituo vya habari vikalirusha bure kwa sababu ya kelele zake. Mnaoshangaa video za kampeni za siku hizi, baba yao ni hilo.

Oktoba mkewe, Lady Bird, alipanda treni kutoka Washington mpaka New Orleans, majimbo manane, siku nne, akiwatetea mumewe na sheria ile kwa watu wa Kusini ambao ni kwao. South Carolina walimzomea. Alinyoosha mkono akaendelea.

Na Oktoba 21, Akron, Ohio, mume akatoa maneno ambayo yangemganda maisha: hatutawatuma vijana wa Kimarekani maili elfu tisa au kumi kutoka kwao wakafanye kazi ambayo vijana wa Asia wanapaswa kuifanya wenyewe. Wakati huo mfukoni tayari ana azimio la Tonkin la Agosti 7, lililomruhusu kutumia nguvu Asia ya Kusini-Mashariki. Seneti ilipitisha 88 kwa 2. Safari hii alipata kura nyingi mno kuliko alivyohitaji, na ndizo zilizomponza.

Novemba 3: asilimia 61 ya kura, majimbo 44. Goldwater alipata Arizona na majimbo matano ya Kusini ya ndani. Mississippi ilimpa Goldwater asilimia 87.

Mtu wa Goma

Ndugu mleta uzi, umetaja Novemba 3. Mimi nakutajia Novemba 24 mwaka uleule. Ndege za jeshi la Marekani, C-130, ziliwashusha makomando wa Ubelgiji juu ya Stanleyville, Kisangani ya leo, kuwatoa wazungu walioshikwa mateka na waasi wa Kongo walioitwa Simba. Wazungu wakaokolewa wengi, wengine wakauawa palepale. Wakati huohuo marubani wa Kikuba waliolipwa na CIA walikuwa wanapiga mabomu, na mamluki wanaingia kwa barabara. Wakongo waliokufa miezi ile ni maelfu. Mwaka uliofuata Che Guevara akapitia Dar es Salaam na Kigoma kuvuka ziwa kuja kwa waliobaki. Hicho nacho ni kiporo cha rais wako, na wazee wa huku hawajakisahau.

Mleta uzi

Asante ndugu. Hilo linaingia kwenye hoja yenyewe. Mpigakura wa Ohio hakuulizwa chochote kuhusu Kisangani, na Mkongo hakuwa na kura Washington. Rais aliyekuwa hodari wa kupima maumivu ya kila seneta hakuwa na kipimo cha huko.

Tazameni Machi 1965. Tarehe 7, Jumapili, polisi wa Alabama wanawavunja mbavu waandamanaji kwenye daraja la Selma. Tarehe 8, wanamaji wa Marekani wanatua ufukweni Da Nang, Vietnam, kikosi cha kwanza cha ardhini cha kupigana. Ni saa chache tu kati ya mambo hayo mawili. Tarehe 15 Johnson anasimama mbele ya Bunge, anawasimulia watoto wa Kimeksiko aliowafundisha Cotulla, Texas, mwaka 1928, waliokuja darasani bila kifungua kinywa, na anasema sasa ana nafasi ya kuwasaidia na anakusudia kuitumia. Katika hotuba hiyohiyo akatumia maneno ya wimbo wa waandamanaji wenyewe. Agosti 6 akasaini Sheria ya Haki ya Kupiga Kura. Mississippi, weusi walioandikishwa walikuwa asilimia 6.7. Mwaka 1967 walifika 59.8. Mtu wa sanduku namba 13, jamani!

Vietnam hakuitaka. Mei 27, 1964, kwenye simu iliyorekodiwa, alimwambia mshauri wake McGeorge Bundy kwamba haoni kama panastahili kupiganiwa, na haoni pa kutokea. Kwa nini akaingia? Kwa sababu alihesabu Washington. Truman alisulubiwa kwa "kuipoteza" China mwaka 1949, na Johnson aliogopa kwamba akiitwa mwoga atakosa kura za miswada yake ya elimu na matibabu. Kule Hanoi hakukuwa na Dirksen wa kunywa naye. Ho Chi Minh, kiongozi wa Vietnam Kaskazini, hakuhitaji daraja wala bwawa wilayani kwake. Basi jeshi likaanza kumletea takwimu za maiti, kila wiki, kana kwamba zikifika idadi fulani mtu atagonga rungu na kutangaza matokeo. Mwaka 1968 kulikuwa na askari zaidi ya nusu milioni.

Mbeba Boksi, Minneapolis

Niongeze la huku. Oktoba 3, 1965, chini ya Sanamu ya Uhuru, alisaini sheria ya uhamiaji iliyofuta mgawo wa mwaka 1924 uliowapendelea watu wa Ulaya Kaskazini na Magharibi. Akasema si sheria ya kimapinduzi, haitagusa maisha ya mamilioni. Hahaha. Mimi nimefika kwa bahati nasibu ya green card, ambayo ni ya sheria ya 1990, lakini bila ile ya 1965 mlango wa Mwafrika ulikuwa tundu la sindano. Na kazi yangu ni kutunza wazee. Wengi pale kwenye nyumba yetu wanalipiwa na Medicaid, mpango wa serikali wa matibabu ya wenye kipato kidogo, nao ulisainiwa Julai 30, 1965, pamoja na Medicare, bima ya afya ya wazee. Kwa hiyo Johnson kanipa njia na mshahara, wazee hawa wala hawamkumbuki. Wanamkumbuka Kennedy.

Shamba Boy wa Limuru

Na sisi Kenya tuna letu. Thurgood Marshall, jaji mweusi wa kwanza wa Mahakama Kuu yao, aliteuliwa na Johnson 1967. Huyu 1960 alikuwa kwenye mkutano wa katiba ya Kenya, Lancaster House, London, akiwashauri wajumbe wetu Waafrika mambo ya katiba, Mboya ndiye aliyemwita. Kazi aliyoikazania ni haki za kila mtu, wakiwemo wazungu na Wahindi waliobaki.

Mleta uzi

Safi sana. Na kiti cha Marshall kilivyopatikana ni Johnson mtupu: hakikuwa wazi. Akamteua Ramsey Clark kuwa Mwanasheria Mkuu, baba yake Ramsey akiwa jaji wa Mahakama Kuu. Baba na mwana hawawezi kukaa hivyo, baba akastaafu, kiti kikawa wazi. Seneti ikampitisha Marshall 69 kwa 11.

Kobe wa Pangani

Sasa mtu mjanja hivi kwa nini akakimbia 1968?

Mleta uzi

Hesabu, mkuu. Machi 12, New Hampshire: yeye asilimia 49, seneta Eugene McCarthy mpinga vita 42. Kwa rais aliye madarakani hiyo ni kushindwa kwa heshima. Siku nne baadaye Robert Kennedy, mdogo wake marehemu Kennedy, akaingia. Machi 31 Johnson akahutubia taifa kupunguza mabomu, na mwishoni akasema hatagombea wala hatakubali uteuzi. Siku nne mbele King akauawa Memphis, na hata katika moshi ule Johnson akatumia wiki moja kupitisha sheria ya makazi. Wengine wangejifungia.

Kuna moja linaniudhi mpaka leo. Oktoba, alipokaribia kupata mapatano kwenye mazungumzo ya amani ya Paris, wapelelezi walimletea taarifa kwamba watu wa Nixon, mgombea wa Republican, kupitia Anna Chennault, mchangishaji fedha wa chama hicho, wanaiambia Saigon, serikali ya Vietnam Kusini, isubiri, itapata dili bora. Faraghani aliita uhaini. Hakutangaza, maana angelazimika kukiri alivyozipata habari zile, yaani kunasa mawasiliano ya mshirika wake mwenyewe. Humphrey, sasa makamu wake na mgombea wa Democratic, naye akanyamaza. Akashindwa kwa tofauti isiyofika asilimia moja.

Mwanafalsafa wa Vijiweni

Angegombea angeshinda?

Mleta uzi

Sidhani. Na moyo wake ulikwisha mshtua vibaya 1955, mwenyewe aliogopa kufia ofisini. Muhula ule ungeisha Januari 20, 1973. Alifariki Januari 22 shambani kwake Texas, na makubaliano ya Paris yalisainiwa tarehe 27.

Mama Ntilie Mstaafu

Tushushie na Nixon.

Mleta uzi

Nixon ana uzi wake, mama. Ila tutauanzia California 1946, si Watergate.